Mashini ya Nne ya Mama Sifa

Sifa alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa kazini Uvira, nimepiga magoti chini ya meza ya mtu nikifuata waya ulioliwa na panya. Alisema neno moja tu, "Mama," nami nikaelewa kwamba mama yake amefariki. Nilibaki hapo chini huku mwenye meza akiniuliza kama mtandao umerudi. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nimejiandaa kwa habari hiyo, na katika kujiandaa kwangu nilikuwa nimekata shauri kwamba sitakwenda. Mama Sifa alinilisha mwaka mzima, kisha akanifungia mlango kwa mkono wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyoamini, na sikuwaficha watu. Samaki wakavu aliokuwa akinitumia kupitia wasafiri niliwagawia majirani, salamu zake sikuzijibu hata moja. Lakini msiba ni msiba. Kesho yake nilikuwa njiani kuelekea Baraka, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Tulipofika Swima dereva alisimama, watu wakashuka kununua ndakala, dagaa wa ziwa letu, na nikakumbuka kwamba hapo ndipo alipokuwa akiishi dada mkubwa wa Mama Sifa, yule aliyefariki mwaka ule ule ninaotaka kuusimulia. Nilinunua samaki wangu nikarudi garini. Sikulifikiria zaidi ya hapo.

Nilivyofika nyumbani kwa Mama Sifa mara ya kwanza ni hadithi nyingine, tuiache. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nalala kwake, nakula kwake, nafanya kazi kwake. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa siber, ndivyo tulivyokiita chumba cha intaneti, na kompyuta zake tano tuliziita mashini. Zilikaa kwenye meza moja ndefu ya mbao, kila moja imefunikwa kipande cha kitenge kwa sababu ya vumbi la barabara. Juu ya bati palikuwa na parabole, sahani kubwa iliyotuletea mtandao kutoka angani, imefungwa kwa waya baada ya upepo kuigeuza mara mbili. Nyuma ya jiko ilinguruma groupe iliyotupa umeme, na siku ikinyamaza chumba kizima kiliguna kwa pamoja. Walikuja wanunuzi wa dhahabu kutoka Misisi, matope yakiwa bado kwenye viatu, wakaandika barua fupi kwa kidole kimoja. Zaidi walikuja akina mama ambao watoto wao walikuwa kambini ng'ambo ya ziwa, au mbali zaidi, kwenye nchi za baridi. Hao niliwasomea barua zao nikiwa nimeketi mbele ya mashini ya nne, karibu na dirisha, wakaniambia majibu, nikayaandika. Wengine walinishika mkono tulipofika kwenye habari mbaya. Mashini ya nne ilikuwa yangu. Hizo nyingine zilikuwa za wateja na sikuwa nikizigusa ila kuzipangusa.

Kila siku saa saba sauti ya Mama Sifa ilipita kwenye pazia la mlango wa nyuma. "Wabi, kuya kula. Hii bugali haikungoje." Naitwa Wabiwa, lakini yeye alikata jina hilo siku ya kwanza na halikurefuka tena. Tulikula jikoni, kwenye mkeka, ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo, au ndakala waliopikwa kwa nyanya na pilipili, na alikuwa na tabia ya kusukuma samaki upande wangu wa sahani bila kuniangalia, kana kwamba wamehama wenyewe. Kwa pazia hilo hilo nilisikia siku moja akiongea na jirani, nikiwa nasubiri ukurasa ufunguke. "Huyu mutoto ana kichwa," alisema. "Siku akienda, mi nitafunga hii chumba." Jirani akacheka. Mimi nilivimba kichwa kwa furaha nikiwa kwenye kiti changu, kwa maana sikuwa nimewahi kusikia mtu akinihitaji namna ile. Maneno hayo niliyaweka moyoni, nikawa nayarudia kama wimbo, na yalikuja kuniumiza baadaye.

Fundi wetu alikuwa Asende. Alinizidi miaka mitano hivi, nilimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, na kila ninachojua kuhusu mashini kilianza kwake. Alifundisha kwa subira, na hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu mwalimu mbaya ningemsahau. Siku moja alinieleza jinsi mashini inavyoipata tovuti. "Hii mashini haijue majina," alisema. "Inajua namba tu. Ukiandika jina, inauliza kule inje, kupitia parabole: huyu namba yake ni gani? Lakini mbele ya kuuliza inje, inafungua kwanza kadaftari kake ka ndani. Ikikuta jina mule, inaamini. Haiulize tena." Kadaftari hako kalikuwa faili dogo lililofichwa ndani ya mafaili ya mfumo, na Asende alikuwa na matumizi yake. Matokeo ya mtihani wa Serikali yalipotoka, wanafunzi walijaa hadi barabarani, na mtandao wetu ukawa mzito kama uji wa jana. Asende akaufungua ukurasa wa majina mara moja tu, akauhifadhi kwenye seva, ile mashini kuukuu iliyokaa chini ya meza, kisha akaandika kwenye kadaftari ka kila mashini kwamba jina la tovuti ile namba yake ni ya seva yetu. Kuanzia hapo ukurasa ulifunguka kufumba na kufumbua, bila kwenda angani. Watu wakasema parabole ya Mama Sifa haina mfano Fizi nzima. Tuliuita mchezo huo copie. Ulikuwa na sharti moja: copie haikui. Ukurasa wa nje unabadilika, wa kwetu unabaki ulivyokuwa siku ulipohifadhiwa. Kwa hiyo tulibandika karatasi ukutani, kila jina lililofanyiwa copie likaandikwa hapo, na mstari ulipofutwa kwenye mashini jina nalo likakatwa kwa kalamu nyekundu. Asende alikuwa mkali sana juu ya karatasi ile. Mimi nilikata majina mwenyewe mara kadhaa, nikijiona fundi.

Mwaka huo chuo kimoja cha ufundi Bukavu kilitangaza nafasi za kusomea mitandao, chakula na kulala juu yao, kwa vijana wa sehemu zetu. Maombi yalipelekwa kwa tovuti, orodha ya waliochukuliwa ingetolewa hapo hapo, na aliyekuta jina lake alikuwa na siku kumi za kuthibitisha kwamba anakuja. Asiyethibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimeona jinsi namba zinavyozunguka kati ya mashini tano, nikataka kujua zinavyozunguka duniani. Asende alinisaidia kujaza fomu, akanisahihishia Kifaransa changu. Kila asubuhi nilifungua tovuti ile kwenye mashini ya nne na kila asubuhi ikaniambia kwamba orodha itatangazwa hapa karibuni.

Katikati ya kungoja huko, Mama Sifa alipata habari ya kifo cha dada yake. Aliondoka Jumamosi kwenda Swima, mimi nikamfungia sufuria kubwa, vitenge viwili na gunia la unga, nikambebea hadi kwenye gari. Wakati ule Swima simu haikushika, na hatukusikia neno lake hadi aliporudi Jumapili ya pili yake. Wiki hiyo nilipika mimi, na Asende alikula pamoja nami jikoni. Alimega kidogo kidogo, anaangalia sahani. Nilimuuliza ana nini, akasema jino. Nikampikia uji, nikaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe ili usimchome. Aliunywa wote na kusema asanti.

Siku kama kumi na mbili baada ya hapo, Jumamosi, aliingia mwalimu mmoja aitwaye Semahoro. Alikuwa ameteremka kutoka Minembwe, kwa miguu kisha kwa pikipiki, kutuma faili za shule yake. Wakati ule wengi wetu mjini tuliwaangalia watu wa milimani kwa jicho la shaka, na mimi sikuwa na afadhali yoyote. Nilimwonyesha mashini ya pili bila kumkaribisha kiti. Alifanya kazi yake polepole. Kisha akageuka. "Mademoiselle," akasema, "samahani. Weye njo unaitwa Wabiwa?" Nikamwuliza amelijuaje jina langu. "Nilikuwa natafuta banafunzi bangu kwa hii liste ya Bukavu. Bangu hawako. Lakini niko naona Wabiwa wa Baraka, na hapa bamama bote banakuita Wabiwa. Nikasema labda ni weye. Pongezi." Nilikwenda kusimama nyuma yake. Jina langu lilikuwa pale, mstari wa tisa. Chini ya orodha waliandika kwamba muda wa kuthibitisha umekwisha, na siku waliyoitaja ilikuwa juzi, Alhamisi.

Nilirudi mashini ya nne nikafungua tovuti ile ile. Orodha itatangazwa hapa karibuni. Nikafungua tena. Karibuni. Hatua tatu kutoka kwangu, chini ya parabole moja, dakika moja, mwalimu Semahoro alikuwa anaangalia jina langu, na mimi naambiwa ningoje. Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa, na nimewafundisha vijana wengi njia hiyo tangu hapo bila kuwaambia nilikoipata. Kwanza nilifuta kumbukumbu ya majina ambayo mashini huyaweka kwa muda. Hakuna kilichobadilika. Kisha nikafungua dirisha jeusi la amri, nikatumia ile iitwayo nslookup, ambayo inakwenda moja kwa moja kuuliza nje. Ikaniletea namba ya kweli, sawa na ya mashini ya pili. Basi nje hakukuwa na kosa. Nikatumia ping, ambayo inafuata njia ya mashini yenyewe. Jina lile lile likajibu kwa namba nyingine, na likajibu papo hapo, kabla sijavuta pumzi. Hakuna kitu nje ya Baraka kilichowahi kutujibu kwa kasi hiyo. Kilichokuwa kinanijibu kilikuwa chini ya meza, karibu na miguu yangu.

Nilifungua kadaftari. Palikuwa na mstari mmoja tu: namba ya seva yetu, nafasi, jina la tovuti ya chuo. Nikanyanyua kichwa kuangalia karatasi ya ukutani, nikiomba nilione jina hilo, hata kama halijakatwa, nipate kusema ni uzembe. Halikuwepo. Nikapita mashini zote, kadaftari kwa kadaftari, wateja wakinishangaa. Mstari huo haukuwa popote ila kwangu. Mwisho nikatazama siku ambayo faili lilibadilishwa. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa mbili kasoro robo asubuhi, siku ile ile orodha ilipotoka, ukihesabu siku kumi nyuma. Saa hizo mimi nilikuwa nikienda kuchota maji. Anayewasha groupe na kufungua chumba alikuwa mmoja tu. Hata jino lake nikalikumbuka, na uji niliompozea.

Asende alikuwa juu ya bati anakaza waya wa parabole. Nilisimama chini nikasema, "Yaya, shuka." Alishuka. Nilipomwambia nilichokiona alijibu haraka, "Haa, ile nilisahau kufuta. Ilikuwa copie."

"Haiko kwa karatasi," nilisema. "Na iko kwa mashini yangu tu. Na ni ya Jumatatu."

Alikaa kwenye kizingiti, akafuta mikono kwenye suruali. "Ni mama alinituma," alisema. "Alisema ukienda, atafunga chumba. Mi ningefanya nini? Nakula kwake kama weye. Usimuulize, Wabiwa. Utamupatisha haya, na weye utaonekana mutoto asiye na shukrani."

Siku akienda, mi nitafunga hii chumba. Maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu. Yaliingia mahali pake bila kelele, na sikutafuta zaidi. Na kwetu, mama aliyekulisha humkalishi chini ukamuuliza kwa nini ulinifanyia hivi. Unaweza kumkwepa, unaweza kuhama, unaweza kutorudi. Lakini swali la namna hiyo mbele ya sufuria yake ni tusi, na hata akina mama wa barua wangenishangaa. Saa saba pazia likasema, "Wabi, kuya kula." Nilikwenda. Nilikula samaki aliowasukuma upande wangu, nikaosha sahani. Nilikiandikia chuo, wakanijibu kwa adabu kwamba nafasi imeshapewa mwingine. Jumatatu nilimwambia Mama Sifa kwamba nina shangazi mgonjwa Uvira. Alinifungia ugali na samaki wa njiani, akanisindikiza hadi garini. "Urudi mbio," alisema. Sikugeuka kuangalia nyuma, na nilijiona mtu mwenye heshima kwa kuwa sikumwaibisha. Huko Uvira nilijifunza kazi kwa kuchungulia mafundi na kwa hasira, miaka mingi, yale ambayo chuo kingenipa kwa mitatu.

Nilipofika matangani, chumba cha mbele kilikuwa duka la mahindi na sabuni. Ile meza ndefu ilikuwa imekatwa vipande viwili, kimoja kiko jikoni, na mistari ya waya wangu bado inaonekana kwenye mbao. Sifa alinipa sahani, akaketi karibu nami. Miaka ile alikuwa ameolewa Fizi, juu mlimani, hatukuzoeana sana. Aliningoja nile kidogo. "Dada," akasema, "naomba nikuulize, usikasirike. Mama alikuwa anauliza kila mara, Wabi nilimukosea nini. Hata hizi siku za mwisho. Sikuwa na jibu ya kumupa."

Hasira ya miaka kumi na sita ilinitoka palepale jikoni kwake, mbele ya sufuria. Nilimwambia yote: orodha, mstari, Jumatatu asubuhi, na kwamba Asende aliniambia ni mama aliyemtuma. Sifa alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Alikunja uso kama mtu anayehesabu.

"Jumatatu gani?" aliuliza. "Orodha ilitoka wakati gani?"

"Ile wiki ya kifo cha mama mukubwa wako, wa Swima." Niliposikia sauti yangu ikisema hivyo, niliweka sahani chini.

"Mama alikuwa Swima," Sifa alisema polepole. "Tulikuwa wote kule. Simu haikushika. Aliondoka mbele ya orodha kutoka. Angejua namna gani jina lako liko, hata amutume?"

Nilimfungia sufuria mwenyewe. Nilimbebea gunia. Wiki nzima nilipika peke yangu kwa sababu hakuwepo. Jibu lilikuwa ndani ya kichwa changu muda wote huo, siku kwa siku, na sikuwahi kuweka Jumamosi ya safari yake na Jumatatu ya orodha pamoja. Mimi ninayelipwa kutafuta makosa ya mashini za watu.

Asende alikuwa uani, kwenye viti vya wanaume, ndevu zimeingia mvi. Aliponiona nakuja alisimama, akaenda pembeni kando ya ukuta, kama mtu aliyejua siku hiyo itafika. "Mama alikuwa Swima," nilimwambia. Hakubisha.

"Mi pia nilikuwa nimeomba," alisema. "Sikukuambia. Asubuhi ile nilifungua orodha, nikaona jina lako, langu hapana. Ukurasa wa zamani ulikuwa ungali kwa mashini yako, nikaufanyia copie. Mi ndiye nilikufundisha."

"Na mama?"

"Nilikusikia siku moja unarudilia yale maneno yake, ya kufunga chumba. Ulikuwa unafurahi." Aliangalia miguu yake. "Nilijua ukisikia ni mama, hautamuuliza."

Sikumpiga na sikumtukana, ingawa nilitaka vyote viwili na bado nataka. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa ananijua vizuri hivyo. Kwenye mashini aliandika mstari mmoja, na ule niliugundua kwa nusu saa. Wa pili aliuandika kwangu, na niliuamini kama mashini ya nne ilivyoamini, kwa kuwa ulikuwa ndani na ulikuwa karibu, na ulinipunguzia safari ya kwenda kuuliza. Nikamwacha ukutani nikarudi jikoni. Sifa alikuwa amenifunikia sahani yangu. Alisukuma samaki upande wangu bila kuniangalia, na hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, hadi akina mama wengine wakaja wakidhani ndiyo kwanza nimefika.

Mwaka mzima nilimwandikia kila mtu pale Baraka maswali yake, nikayapeleka ng'ambo ya ziwa, nikamsomea jibu. Langu lilikuwa moja, na mwenye jibu alikuwa nyuma ya pazia, ananiita nije kula. Sikumuuliza.